Kuhesabu Mpaka Mia

Uvumi ule ulimganda Bu Wartini kama ruba: sokoni kuna mtu akikugusa bega unaduwaa, kisha unamvulia dhahabu yako kwa mikono yako mwenyewe. Bangili pekee ya nyumba yao, ambayo binti yake Ningrum angeolewa nayo mwezi ujao, akawa haivui hata akienda kuoga.

"Wanaopumbazwa ni mabwege," akasema Bu Endang siku wanawake wa upatu walipokutana kwake, mtaani Klaten, Indonesia. "Mimi anipumbaze nani?"

Ili kuwakata ngebe waoga, alikuwa amemwalika Pak Haryo, mtaalamu wa hipnosi, elimu ya kupumbaza akili. Mgeni alivaa batiki iliyonyooshwa vizuri, akala vitumbua vitatu, akasifu chai.

"Hakuna uchawi, kina mama," akasema. "Akili haipumbazwi mpaka ikubali yenyewe. Asiyetaka, hapumbaziki. Tujaribu?"

Akawaambia waweke dhahabu mezani, maana eti ikiwa mwilini huitia akili uzito. Wafumbe macho, wahesabu pamoja mpaka mia. "Atakayefumbua kabla, huyo ndiye dhaifu."

"Leo tutamjua bwege wetu!" Bu Endang akacheka. "Wartini, jikaze."

"Jikaze wewe mwenye kope za kubandika."

Bu Wartini akavua bangili, na wanawake wote kumi na wanne wakafumba macho. Moja, mbili, tatu. Kwenye thelathini na kitu sauti ya Bu Wartini ilikwama, kisha ikarudi kwa nguvu zaidi. Hata ya Bu Endang ilijikwaa mahali. Lakini mia waliifikia wote, vichwa juu.

Meza ilikuwa tupu. Pak Haryo hayupo.

Kituoni, askari aliwahoji mmoja mmoja.

"Tulipumbazwa, Pak," wakajibu wote kumi na wanne. "Hatukujua lolote."

Nyumbani, Ningrum alimletea mama yake maji, akakaa akiutazama mkono ule mtupu. Bu Wartini akashindwa kuyanywa. Akachukua kalamu, akawaandikia kina mama wa mtaa wa pili:

Msikubali mgeni awaguse bega.

Msimkazie macho.

Msivue dhahabu kwa ajili ya somo lolote.

Na mkichungulia, mkamwona anaitia mfukoni, msifumbe tena kwa kuogopa kuitwa dhaifu.