Mapigo ya Mama

Nilianza kuona kwamba bangili yangu inapiga mbio kila Mbwana, fundi bomba, anapobisha hodi. Kisheria, kila aliyepandikizwa moyo wa kuoteshwa maabarani lazima ndugu yake mmoja avae bangili inayodunda pamoja nao. Ya Mama nilivaa mimi.

"Ni chumvi imezidi kwenye mchuzi," Mama alijitetea nilipomuuliza sababu.

"Mchuzi gani, Mama? Leo hatujapika."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, anataka kunioa. Moyo mpya huu, niuweke kabatini?"

Nilifurahi kweli. Lakini mama akiolewa, bangili huhamia kwa mume, na kwa miaka minne nimelala na mapigo yake mkononi.

"Olewa, Mama," nikasema. Kisha nikatamka nililokuwa nalificha: "Naogopa kulala bila kukusikia."