Nukta Inayongoja

Kompyuta mbili zilikuwa mezani kwa fundi Makame, zote zimeandikwa Tausi. Ile kuukuu ilikuwa ya Bi Raya, nayo haikuwaka tena. Makame akaitia kaseti yake, yenye programu ya kuchora maua ya kofia, kwenye ile mpya, na ua zima la kofia likatokea kwenye kioo mara moja.

"Siyo hivyo, mwanangu," alisema Bi Raya. "Marehemu mume wangu aliipanga ilichore ua nukta kwa nukta, iufuate mkono wangu nikidarizi. Hii inakimbia."

"Zimefanana jina tu, mama. Hii ina mbio zake."

Akamwomba adarizi. Huku akiutazama ule mkono, akawa anaipunguza mwendo kidogo kidogo, mpaka nukta ya mwanga ikaenda sambamba na sindano. Ghafla nukta ikasimama. Imeganda! Makame akanyoosha mkono aizime.

"Iache!"

Uzi wa Bi Raya ulikuwa umekwisha. Akachukua mwingine, akaulowesha ncha mdomoni, akaanza kuutunga taratibu.

Loo, bwana yule alijua hata uzi wa mkewe unapoishia! Makame akaurudisha mkono wake mapajani. Kwenye kioo, nukta ilikuwa inawaka na kuzima palepale, inamngoja.