Swali la Profesa

"Profesa, kweli huna swali?" mwenyekiti wa jopo aliuliza kwa mara ya pili.

Tangu utetezi wa tasnifu uanze, Profesa alikuwa akifungua na kufunga kalamu yake, na mguu haukutulia chini ya meza. Binti aliyesimama mbele yao alikuwa amepima upya maji ya visima, na vipimo vyake vilibomoa nadharia iliyompa Profesa jina.

Swali alikuwa nalo. Lilikuwa la hila, la kumbana binti wa watu mpaka ajichanganye mwenyewe, wala hakuna ambaye angemlaumu. Ulimi ulimwasha.

Akanywa maji. Yakamwagikia tai. Akayafuta kwa kiganja, akaendelea kufuta hata palipokwisha kukauka.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "sura ya tano umeiandika kwa adabu mno. Umezungukazunguka."

Binti alifunua kurasa za tasnifu. "Wapi, Profesa?"

"Pale unaponitaja. Waambie wenzangu hawa, bila kunionea haya, nilikosea wapi."

Binti alimtazama mwenyekiti, kisha msimamizi wake. Hakuna aliyemsaidia.

"Ulikosea tangu mwanzo," alisema.

Profesa alivuta kiti karibu. "Endelea."