Kiraka cha Kilemba

Mjukuu wangu Joëlle alipewa wimbo mmoja tu kuionyesha kwaya yetu ya Alunguli kwamba gitaa lake la kulaza, lile la pedali, linafaa kanisani. Alianza na amplifaya mpya ya kwaya. Ni ndogo, kila nota ndefu iliizidi nguvu, ikakwaruza.

"Hii njo gitaa ao mbuzi?" mwalimu wa kwaya alitania. Watu wakacheka.

Joëlle alichomoa waya, akautia kwenye amplifaya kubwa ya marehemu babu yake, yenye spika pana kama ungo. Wakati wa vita niliificha spika hiyo ndani ya gunia la mpunga, panya wakaitoboa. Jirani yangu alinigawia unga wake wa mwisho wa muhogo. Niliupika uwe gundi, nikabandika kipande cha kilemba changu cha bluu.

"Koko, kiraka itashika?" aliniuliza mimi bibi yake.

"Ilishika wakati ya njaa. Kanyaga, mama."

Alikanyaga pedali. Nota ilipanda polepole, safi, ikakaa. Kile kitambaa cha bluu kilitetemeka bila kubanduka.

Mwalimu hajafungua kinywa, akina mama wa sauti ya pili walikwisha kuanza kuimba.