Cheti Kilisema Chunusi

Daktari wa machimbo aliandika neno moja tu kwenye cheti cha fundi baruti: chunusi.

Kamati ya kampuni, ya kusikiliza dai lake la kuumia kazini, ingekaa baada ya wiki nane. Fundi akishindwa pale, atatoka kwenye nyumba ya kampuni na hatawasha utambi tena maisha yake yote. Hakubishana na daktari. Alikikunja cheti, akakitia mfukoni, akaenda nyumbani kumwita binti yake.

Binti alifanya kazi saluni, upande wa nyuso. Alikuwa amerudi kwa baba yake miezi mitatu nyuma, na sanduku moja. Alimkalisha mlangoni penye mwanga, akamgeuza huku na huku.

"Puani ni chunusi kweli," alisema. "Zile nyeusi. Kidevuni pia."

"Zitoe."

"Hazitolewi kwa nguvu, baba. Huo weusi si uchafu. Ni mafuta ya ngozi yameziba kitundu, yakapigwa na hewa. Ukisugua kama sufuria unaziongezea ubishi."

"Ubishi zitanikuta nao."

Wakaanza. Asubuhi na jioni alinawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, si kwa dodoki. Kisha pamba yenye dawa ya salisiliki, ile inayoingia kitunduni na kulainisha kilichoziba. Mwanzoni siku moja kwa kuruka moja, ngozi izoee. Juu yake mafuta mepesi yasiyoziba. Akitoka, krimu ya jua na kofia. Foronya alifua mwenyewe, kila baada ya siku tatu.

"Na usiminye," binti alisema. "Utaacha kovu."

"Kovu jipya silitaki. Hata moja."

Wachimbaji walimkuta bombani akijikausha kwa kugusagusa taulo, kama alivyofundishwa.

"Bibi harusi wetu," mmoja alisema. "Mahari wameshataja?"

"Bado. Ila watalipa."

Msimamizi naye akapita, mikono nyuma. "Mzee, huo uso unaupeleka wapi?"

"Kwenye kamati. Wako utauleta?"

Msimamizi akakumbuka ana kazi mahali.

Wiki ya tatu ngozi ilikauka ikaanza kubanduka, na dada yake fundi akaja na ndimu na dawa ya meno. "Kaka, mambo haya yana njia ya mkato. Paka, ulale nayo."

"Shangazi, ndimu itamuunguza akitoka juani," binti alisema. "Tunapunguza dawa, basi."

"Ngozi ya mtu wa mawe hii, si ya kichanga."

"Dada," fundi alisema, "hiyo ndimu katie kwenye chai."

Wiki ya tano pua ilianza kufunguka. Wiki ya nane ilikuwa laini kama ganda la yai, na kidevu vilevile. Shavu la kushoto peke yake ndilo lililokataa. Vidoti vyake vilikaa palepale, vingine vyeusi, vingine vya samawati kama wino.

"Shavu limekuaibisha," dada mtu alisema. "Na kesho ndiyo siku. Wewe mtoto, mpake poda baba yako, uso ushike rangi moja."

"Hakuna poda," fundi alisema.

"Unaenda hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Binti alilitazama lile shavu kwa muda. Hakuchukua poda. "Baba," alisema, "ukifika ukae upande wa dirisha."

Kulikuwa na meza ndefu, watu watano, na daktari ukingoni. Fundi alivuta kiti chake mpaka dirishani, kikikwaruza sakafu, bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti alisoma cheti. Hakikuchukua muda.

"Uso, chunusi. Basi. Naona umejitunza, fundi. Hongera."

"Daktari asogee aniangalie pua."

Daktari alisogea. "Safi."

"Kidevu?"

"Safi pia."

"Na shavu hili nimelipaka dawa ileile, kwa mkono uleule, asubuhi na jioni, wiki nane. Limegoma. Ni chunusi gani hiyo?"

"Ziko sugu."

"Toa moja."

Daktari alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Ikaletwa sindano na koleo ndogo. Fundi alikodoa macho dirishani, hakupepesa. Daktari alichokonoa, akavuta, akaachia kitu kwenye kisahani cha bati.

Kikalia: ti.

Chunusi hailii. Wote mezani walilijua hilo. Mwenyekiti aliinuka, akainama juu ya kisahani. "Ni nini?"

"Jiwe," daktari alisema, kwa sauti ndogo.

"La mwamba upi?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Ule uliopasuka mwezi wa tatu, siku mliyoandika kwamba sikuwepo." Akageuza shavu likae vizuri kwenye mwanga. "Haya, hesabu."

Daktari alihesabu kwa ncha ya kalamu, kwa sauti, mpaka mwisho. Vilikuwa vipande arobaini na kimoja. Hivyo ndivyo vilivyomfikia fundi, aliyekuwa hatua kumi nyuma. Vingine vyote viliishia kwa mkwewe, mume wa binti yule, ambaye cheti chake, kwa mwandiko wa daktari huyohuyo, kilisema alikufa akiwa peke yake, bila kutumwa na mtu.