Jando Lilikwisha Zamani

Mzee Mwinyikombo alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi, muuguzi Tunu alimuuliza maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi.

"Sifuri," akajibu mzee, meno ameyauma na pumzi anaivuta kwa kuibia.

Tunu alishawaona wengi wa namna hiyo, na alijua kwamba asiyevuta pumzi vizuri baada ya kupasuliwa huweza kupata homa ya mapafu. Akamwinamia.

"Baba, jando lilikwisha zamani. Hapa hakuna anayekupima uanaume."

Mzee akayaachia meno. "Tisa," akanong'ona.

Tunu akamchoma sindano ya kutuliza maumivu. Pumzi ilipomshuka hadi tumboni, machozi yalimtoka mzee, wala hakuyafuta.

"Mwite mke wangu hapo nje," akasema. "Nilimkataza asinione nikiumia, lakini aingie sasa hivi."

Tunu akaenda kufungua mlango.