Vumbi la Sebuleni

Siku ile mjinga alikuwa Shemdoe, na mwenyewe hakatai. Zama hizo taa ya kila nyumba ilikuwa galaksi, kundi zima la nyota lililotungwa kwa kompyuta, yenye mawingu ya vumbi yanayozaa nyota zake. Wageni wa kumposa binti yake Tunu walipokaribia, Shemdoe akaliona vumbi la taa yake ni aibu, akalifuta lote, utadhani anapiga deki. Sebule ikang'aa, wageni wakasifu.

Walipoondoka, nyota zikaanza kufa, wala hakuna mpya iliyozaliwa. Chache zilizobaki zikawa zinapepesa kwa pamoja, zinatulia, zinapepesa tena, kama mtu anayebisha hodi.

"Tuizime, tuwashe nyingine," Shemdoe akamwambia mkewe. "Hizi ni hesabu tu. Hamna mtu mle."

"Kama hamna mtu, Baba Tunu, mbona unanong'ona?"